Mhariri, orodha yenu ya muvi inatuonyesha kaburi kabla ya msiba

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga, Makorora huku. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama itakuwa ndefu basi msinikate mkia kama wanavyokata muvi, hilo la mkia nitalieleza huko mbele.

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa burudani uliweka orodha ya namna ya kuangalia muvi za Marvel, hizi za mashujaa kina Iron Man, toka mwanzo, mkasema mtu aanze na Captain America: The First Avenger kwa sababu hadithi yake ni ya miaka ya 1940, vita ya pili ya dunia, alafu aende Captain Marvel kwa sababu ile ni 1995, ndo aje Iron Man, ivo ivo mpaka chini kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi. Mkasema hiyo ndo njia nyepesi kwa mgeni. Mi napinga, na sipingi kwa kusikia, orodha hiyohiyo niliifuata mwaka 2022 kwenye banda langu ikanitia hasara na aibu juu yake.

Mi nina banda la video. Bati juu, mabenchi manane, flati ya inchi 50 na sabufa mbili ambazo jirani yangu hazipendi. Pesa yangu ni mpira, sina haja ya kuficha. Sasa ligi ya Uingereza ikiisha mwezi wa tano mpaka irudi mwezi wa nane hapo katikati banda linapoa, watu wanapita tu nje na baiskeli zao wanasalimia wanaenda zao, na Coastal ikicheza Mkwakwani ndo kabisa maana wanaenda uwanjani wenyewe. Mwaka ule nikasema ngoja niweke muvi za mashujaa kwa mfululizo, usiku mmoja muvi moja, kiingilio shilingi 300, mtu akikosa moja imekula kwake. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo Dar akanitumia orodha kwenye simu, "mjomba fata hii ndo ya kitaalamu". Nikahesabu muvi 24 mpaka ile Spider-Man: Far From Home ya 2019, na Black Widow ya 2021 imechomekwa katikati. Usiku tatu kwa wiki ni wiki nane kamili. Nikaandika kwenye ubao nje kwa chaki.

Usiku wa kwanza ukaenda vizuri kiasi chake. Ila ile First Avenger haianzi 1940, inaanza siku za leo, jamaa wapo kwenye barafu wanakuta ndege imefukiwa, ndo inarudi nyuma. Na mwisho Kapteni anaamka New York ya leo, anatoka mbio barabarani, anakutana na mzee mmoja chongo kavaa kiraka jichoni anamwambia umelala karibu miaka 70. Banda zima likaniuliza, huyu chongo ni nani? Nikawaambia tulieni mtamjua.

Usiku wa pili Captain Marvel. Yule yule chongo kaja, kijana, ana macho yote mawili. Na kwenye muvi hiyo hiyo jicho linakwenda, na linatolewa na paka. Watu wakacheka kidogo, ikaisha. Mhariri, hapo ndo mjue utamu umemwagwa chini. Sisi tuliozifuata zilivyokuwa zinatoka tulimwona huyu Nick Fury na kiraka chake toka mwaka 2008, mwishoni kabisa mwa Iron Man ya kwanza. Miaka inapita hasemi. Mwaka 2014 kwenye Winter Soldier anamwambia Kapteni kwamba mara ya mwisho kumwamini mtu alipoteza jicho, na sura kaikunja kweli kweli, sisi tukala yamini kwamba huyu alisalitiwa vitani. Tukakaa na hilo miaka mitano. Alafu 2019 ndo wanakuja kutuonyesha kumbe ni paka! Tena alikuwa anamchezea mwenyewe, nyau nyau, akakwaruzwa. (Paka mwenyewe si paka wa kawaida, ni kiumbe wa nje huko kafanana na paka, lakini jicho limeenda kwa paka.) Mi siku hiyo nilicheka mpaka nikateremka kwenye benchi. Sasa ukimwonyesha mtu paka usiku wa pili, akifika kwenye yale maneno ya Winter Soldier wiki ya nne anabaki anamwona mzee mwongo tu.

Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa likaja usiku uleule majina ya waigizaji yalipoanza kupanda. Banda langu lina sheria, majina yakianza kupanda hakuna kuinuka, maana Marvel wanaficha kipande cha mwisho baada ya majina, kingine hata mwisho kabisa. Nikasimama mlangoni kwenye pazia nikawazuia. Kikaja hicho kipande, watu wanne wamesimama na majonzi wanaangalia hesabu za watu waliopotea duniani, mmoja ni yule Kapteni wa juzi, mara yule dada, Captain Marvel mwenyewe, anatokea nyuma yao anauliza Fury yuko wapi. Kimya. Kijana mmoja muuza maji akasema "mgosi, huyu si wa barafu, na hawa wengine ni kina nani, na watu gani wamepotea?" Bibi mmoja anayeuza bagia pale mlangoni, huwa haingii ndani anaangalia kwa kupitia pembeni ya pazia hivyo simtozi, akasema "mwanangu, hapo umeruka kanda." Na kweli nilikuwa nimeruka kanda! Kipande kile kinatokea baada ya Infinity War, ambayo kwenye ratiba yangu ilikuwa wiki ya nane. Nikashindwa kujibu bila kuwasimulia muvi nzima ya wiki ya nane, nikawadanganya kwamba ni trela. Kesho yake waliokuja walikuwa nusu.

Wiki ya sita ndo nikajuta zaidi. Orodha inasema Black Widow uiweke baada ya Civil War kwa sababu hadithi yake imetokea pale, mwaka 2016. Sawa, imetokea pale. Lakini imetengenezwa kwa watu walioshaiona Endgame, kwa iyo mwisho wake, baada ya majina, mdogo wake Natasha (Natasha ndo Black Widow mwenyewe) yupo makaburini, kaburi lina jina la Natasha limeandikwa kabisa. "Kafa? Kafa lini huyu?" Sikuwa na jibu. Toka siku ile kila Natasha akitokea kwenye muvi zilizobaki kuna mtu benchi la nyuma anasema marehemu huyo anapita, watu wanacheka. Ikafika Endgame, kule mlimani Vormir anapojiachia ili mwenzake abaki, pahala ambapo mi mwenyewe nilipoangalia mara ya kwanza nilizima simu nikakaa kimya, yule muuza maji alikuwa anamenya karanga. Msiba hauna mtu, Mhariri, kwa sababu kaburi tulishalizuru wiki mbili kabla.

Mwaka uliofuata, 2023, ligi ilipoisha nikarudia. Safari hii nikapanga kwa mwaka wa kutoka muvi, iliyotoka kwanza ianze, basi, ubishi hakuna. Iron Man ya 2008 mbele. Na hapo nikajionea mwenyewe kwamba jamaa walijua wanachofanya, maana muvi ile haikudai ujue chochote, mtu katekwa Afghanistan, yupo pangoni, anajitengenezea nguo ya chuma kwa nyundo na moto. Bibi wa bagia kaelewa palepale, akampa jina "Fundi", mpaka leo Robert Downey Jr. huku kwetu ni Fundi. Mgeni anaingilia mlango wa mbele, anamjua mwenye nyumba kwanza, alafu mwisho ndo anabisha hodi yule chongo na habari kwamba kuna wengine. Mwisho wa muvi ile Fundi anawaambia waandishi yeye ndo Iron Man, na miaka 11 baadae kwenye Endgame anayarudia maneno yaleyale kabla hajapiga kidole na kufa. Na mnajua banda lilivyo, stelingi hafi! Watu tumekulia hapo toka muvi za Kihindi, stelingi akipigwa risasi begani anafunga kitambaa anaendelea. Usiku ule hakuna aliyenidai chenji. Na kwa Natasha, yule bibi, safari hii alikuwa ameshahamia benchi la mbele, alisema innalillahi kwa sauti.

Sasa najua kuna watu watasema lakini hadithi inaanza mwanzo, mtu azaliwe kwanza ndo akue. Hata huyu bibi alinibishia hivyo mwanzoni. Mi nikamuuliza, wewe umekaa Tanga hii umesikiliza taarab toka usichana, mtu akikutungia fumbo anaanza na maana au anaanza na fumbo? Ukiambiwa kabla wimbo haujaanza kwamba "kisima" ni fulani jirani yako, utasikiliza nini tena? Msimuliaji ana mpangilio wake wa kutoa siri, na mpangilio huo si wa kalenda. Ile Captain Marvel ni ya 1995 lakini imesimuliwa 2019 kwa watu wa 2019, waliokwisha kukaa na chongo miaka 11. Ukiitoa hapo ukaipeleka mbele umeondoa maneno kwenye kinywa cha msimuliaji.

Alafu hiyo kalenda yenyewe haishikiki, jaribuni muone. Guardians of the Galaxy inaanza 1988 mtoto yupo hospitali na mama yake anayekufa, je tukate dakika zile tuzipeleke kabla ya Captain Marvel? Eternals ya 2021 inaanzia miaka 5000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, basi hiyo iwe namba moja, mgeni aanze na hiyo, Mungu amsaidie. Endgame jamaa wanarudi 2012, wanarudi 2013, 2014, wengine wanafika mpaka 1970, utaichana vipande vingapi? Na hawa Fantastic Four wa mwaka jana 2025, wao ni miaka ya 1960 lakini dunia nyingine kabisa siyo hii, mtawaweka wapi. Kubwa kuliko yote hata wenyewe waliotengeneza walikosea hesabu, Spider-Man: Homecoming inaanza baada ya vile vita vya New York vya Avengers ya 2012, alafu yanatokea maandishi kwamba ni miaka 8 baadae, ukijumlisha haikubaliani na muvi zingine zote. Mwenye kalenda kachanganya kalenda, sasa mi wa Makorora nitaifata ya nini.

Mwaka wa kutoka haukosei. Umechapwa, unajulikana, na tena kuna ushahidi mdogo mdogo wa kupendeza. Thor: Ragnarok ya 2017 inaishia na meli kubwa inawatokea mbele huko angani, unaenda zako nyumbani na wasiwasi, 2018 Infinity War inaanzia hapohapo melini. Ant-Man and the Wasp ilitoka baada ya Infinity War, ni ya kuchekesha, unacheka saa nzima na zaidi, mwisho watu wanageuka vumbi. Kama hujaona Infinity War hilo vumbi hulielewi, na ukiwa umeiona unalisubiri muvi nzima ukijua linakuja na hawa hawajui. Hapo ndo utamu ulipo.

Niruhusu nitoke nje ya Avengers kidogo maana orodha yenu imechanganya na X-Men, kundi lingine la mashujaa wa Marvel, humohumo, kama vile ni ukoo mmoja. Ni ukoo mmoja lakini mashamba yaligawanywa. Marvel miaka ya 1990 ilifulia, mwaka 1996 ilitangaza kufilisika kabisa, na wahusika wake wakubwa haki za sinema zilikwenda kwa wengine, X-Men kwa Fox, Spider-Man kwa Sony. Ndo maana Avengers ya 2012 New York nzima inapigwa na Spider-Man ambaye ni mtoto wa New York hatokei, watoto wananiuliza kila mwaka, alikuwa wapi? Alikuwa kwenye shamba la mtu mwingine. Mpaka 2015 walipokubaliana na Sony ndo akaja Civil War ya 2016. X-Men wao walirudi baada ya Disney kuinunua Fox 2019.

Kwa iyo Spider-Man mnamfata kivyake. Kuna watatu. Wa Tobey Maguire 2002, 2004 na 2007, wa Andrew Garfield 2012 na 2014, na huyu wa sasa Tom Holland. Orodha yenu imeweka No Way Home ya 2021 bila kumwambia mtu aangalie zile tano za zamani kwanza, hapo mmewanyima watu haki yao. Niliionyesha kwenye banda 2022 hiyohiyo, baada ya ule mfululizo wangu kuharibika. Vijana wadogo wapo mbele, nyuma kuna fundi baiskeli mmoja mtu mzima ambaye ile ya 2002 aliiona kwenye deki, kanda ya video, nyumba ya mtu, wamejaa mpaka dirishani. Maguire alipotokea kwenye ule mlango wa mviringo vijana wakauliza huyu baba ni nani mbona kavaa ivo. Fundi baiskeli akasimama. Kasimama kabisa, watu wa nyuma wanamwambia kaa chini hatuoni, mikono ina grisi kaweka kichwani, anasema "amerudi, amerudi huyu". Alafu akawa anafuta uso na shati. Muvi ni ileile, bei ni ileile 300, lakini yule mzee kaiona kubwa kuliko wale vijana wote, kwa sababu alikuja na muvi zake tano kichwani.

X-Men sasa ndo msijaribu kabisa kufata miaka ya hadithi. First Class ya 2011 ni habari za 1962, sawa, lakini Days of Future Past ya 2014 Wolverine anarudishwa mpaka 1973 kwenda kubadilisha mambo, na akibadilisha yale mengine mliyokwisha kuyaangalia yanakuwa hayakutokea. Profesa Xavier, mkuu wao, anakufa 2006 kwenye The Last Stand, 2013 huyu hapa kwenye kiti chake. First Class inasema miguu ilipooza 1962, ile ya Wolverine ya 2009 inamwonyesha miaka ya baadae kasimama anatembea. Mi nina mkato wangu kwa wasio na muda, wa 2000, wa 2003, First Class 2011, Days of Future Past 2014, alafu Logan 2017, inatosha kabisa. Logan si ya watoto, Marekani yenyewe wanaiwekea umri, mi naiweka saa nne usiku na mtoto simruhusu hata akija na kaka yake. Deadpool vilevile, tena yule na mdomo wake.

Za DC, wale wapinzani wa Marvel wenye Superman na Batman, sina maneno mengi maana na wao hawakutulia. Man of Steel 2013 anza hapo kama unataka. Ila hata huko kalenda inawaponza, mtasema Wonder Woman ya 2017 iwe ya kwanza kwa sababu ni vita ya kwanza ya dunia, na muvi inaanza dada kapelekewa picha ya zamani na Bruce Wayne, huyo Wayne na hiyo picha ni habari za Batman v Superman ya 2016. Justice League zipo mbili, ya 2017 na ile ya Zack Snyder ya 2021 yenye saa nne, chagua moja usiniletee zote. Zile Batman tatu za Christopher Nolan, 2005, 2008 na 2012, zinajitegemea, haziingiliani na mtu. Na Superman ya 2025 ni mwanzo mpya kabisa, mtu anaweza akaanza hapo leo bila kuuliza chochote.

Kitu kingine Mhariri, orodha yenu ina muvi na tamthilia karibu 50 na mmeandika "lazima". Nani kasema lazima? Ngamiani barabara zina namba ili mgeni asipotee, haina maana kwamba anayekwenda Barabara ya 10 apitie zote toka ya kwanza akisalimia kila nyumba. Incredible Hulk ya 2008 unaweza ukairuka, Hulk mwenyewe alibadilishwa sura, alikuwa Edward Norton, toka 2012 ni Mark Ruffalo, banda langu lilibishana usiku mzima kama ni mtu yuleyule. Thor ya pili iruke tu, nitakusimulia mwenyewe kwa dakika tatu, lile jiwe jekundu ndo la kukumbuka. Ila WandaVision ya 2021 usiiruke kama unataka kuiona Doctor Strange ya 2022, vinginevyo utamwona Wanda analilia watoto na hujui kawazaa lini. Dada yangu yeye kaona moja tu maishani, Black Panther ya 2018, kwa sababu Lupita Nyong'o yumo na alisikia Mkenya anaongea huko Wakanda, kaielewa mwanzo mwisho, habari ya baba yake T'Challa kuuawa kwenye Civil War wanakukumbusha humohumo. Kaishia hapo na ana amani yake.

Na sasa lile la mkia. Nakala nyingi zinazotufikia huku, hasa hizi zilizoingizwa sauti na madj, mwisho wake umekatwa. DJ akimaliza kutafsiri anaaga, anataja studio yake, anataja namba ya simu, na muvi imekwisha. Majina hayapo na kipande cha baada ya majina hakipo. Mi siwalaumu sana, ile kazi yao naipenda, bila wao bibi wa bagia asingemjua Fundi. Ila nimejifunza, nachukua nakala ya DJ naweka na nakala yenye mwisho wake kwenye flashi moja, DJ akiaga nabadilisha kwa rimoti, natafsiri mwenyewe kwa mdomo. Kiingereza changu si cha kutisha lakini vipande vyenyewe vina maneno mawili matatu. Ukurasa wenu ungewaambia watu hilo ungekuwa umewafaa kuliko hiyo miaka ya 1940.

Basi naomba Jumapili ijayo mchape marekebisho, si lazima mniweke jina. Captain Marvel mtoeni namba mbili mkamrudishe kwenye mwaka wake, kabla ya Endgame. Black Widow mshusheni mpaka 2021. Ligi inaisha karibuni na ubao wangu nimeshaufuta, Iron Man ipo juu, nafasi ya benchi la mbele upande wa kulia imeshachukuliwa na mwenye bagia.

Mwenye banda,
Makorora, Tanga